Kipimo cha Mkono wa Kitinda

Kitinda alifagia korido mara tatu asubuhi ile, na mara zote tatu hakupata taka ya kuzoa. Mikono ilikuwa inatafuta kazi tu. Saa nne kaka yake mkubwa angefika kuikagua nyumba, na kabla ya adhuhuri ingejulikana kama mama yao atabaki nyumbani kwake au ataondoka na sanduku.

Mapatano yenyewe yalifanyika kwenye simu, na kama ilivyo kwa ndugu wa tumbo moja, yalianzia kwenye ugomvi. Miezi mitano nyuma mama aliteleza bafuni akateguka bega la kulia. Kaka mkubwa akasema imetosha, kwake chumba kipo, ghorofa ya nne, lifti inafanya kazi. Mama akajibu kwamba hajawahi kuona mtu aliyezeeka vizuri akingojea lifti. Ndipo Kitinda alipoomba wapewe nafasi: nyumba itengenezwe upya, imfae mtu wa miaka sabini na sita, atembee humo bila kushikwa mkono. Kaka akakubali kwa sharti. Atakuja, atasimama, atatazama. Mama akitoka kitandani mpaka getini peke yake, atabaki. Akikwama njiani, basi.

"Utatoboa sakafu kwa ufagio," sauti ilisema mlangoni.

Alikuwa fundi. Jina alilopewa na wazazi wake halikutumika tena. Mtaa mzima ulimwita Pimamaji, kwa sababu hakuonekana bila kile kifaa cha kupimia unyoofu, na kwa sababu hata akikaribishwa chai ilikuwa lazima kwanza anyooshe picha iliyopinda ukutani. Alikuwa mgane wa miaka arobaini na sita, mpole, mwenye penseli sikioni na maneno machache mdomoni.

Wiki ya kwanza ya kazi hakugusa nyundo. Alikaa kwenye kigoda akamtazama mama akiishi. Kitinda alidhani wameokota mvivu. Siku ya nne fundi akamwita, akamwonyesha madoa matano ukutani, pale rangi ilipofifia kwa kushikwashikwa. "Mama anashika hapa, na hapa, na hapa," alisema. "Ukuta umeshanionyesha pa kuweka vishikio. Mimi nafuata tu." Siku hiyo Kitinda alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, na tangu hapo kazi ya kutomtazama ikawa kazi kwelikweli.

"Nimekuja kuona kama vanishi imekauka," Pimamaji alisema sasa, akiinamia reli ya mbao iliyopita ukutani kutoka jikoni mpaka mlango wa mbele. Aliifunga jana jioni, ikiwa kazi yake ya mwisho.

"Imekauka."

"Umeigusa?"

"Ulisema asiiguse mtu mpaka leo."

"Umejuaje basi?"

"Nimeinusa."

Alitabasamu, na Kitinda akaziangalia njiti za ufagio kana kwamba zina maandishi.

"Kaka akiridhika leo," Pimamaji alisema, "kazi yangu hapa itakuwa imekwisha."

"Ndiyo."

"Sitakuwa na sababu ya kuja tena."

Kitinda alifikiri. "Bawaba za mlango wa jikoni zinaweza kuanza kulia."

"Bawaba zangu hazilii."

"Najua," alisema Kitinda taratibu. "Ndiyo shida."

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini Kitinda alikuwa mkutubi wa shule, mtu ambaye kazi yake ni kuwanyamazisha wenzake, na kikohozi chake alikuwa amekimeza wiki sita nzima. Mara mbili Pimamaji alimwomba wakaishi pamoja. Mara mbili alipata jibu lilelile: siwezi kumwacha mama. Kitinda alilitoa kwa upole, akaenda kulia stoo, akarudi kupika.

Gari likasimama nje. Kaka mkubwa aliingia na sanduku tupu mkononi, akaliegemeza ukutani mahali ambapo kila mtu angeliona. Alikuwa mkaguzi wa magari, na alianza kuizunguka nyumba kama anavyozunguka lori lenye miaka mingi barabarani. Aligonga, akasukuma, akachuchumaa.

"Fundi, mlango wa bafuni mbona unafungukia nje?"

"Mtu akianguka ndani, mlango usimzuie anayekuja kumwinua."

Kaka akaguna. Alining'inia kwa uzito wake wote kwenye kishikio kilicho kando ya choo, na yeye si mwepesi. Kishikio hakikutikisika. Alitafuta kizingiti cha kujikwaa hakukiona. Sakafu ya bafuni ilikwenda moja kwa moja, vigae vyake vikavu na vya kukwaruza. Koki ilifunguka kwa kusukumwa na kiwiko. Swichi za taa zilishushwa na soketi zikapandishwa, ili mtu asirefuke wala kuinama. Jikoni, meza ya kukatia mboga iliachwa wazi chini ili mpishi akae kwenye kiti.

"Kazi si mbaya," alisema, na Kitinda alijua kwamba kwa kaka yake maneno hayo ni sawa na shada la maua.

"Mmemaliza?" Mama aliuliza kutoka kitandani. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri. "Nianze, au bado mnanikagua matairi?"

"Anza, Mama. Asimguse mtu."

Mama akaanza. Alijiinua kwa kishikio cha kitandani, akaingia bafuni, akakaa, akasimama, akanawa uso kwa makusudi mbele ya mwanawe, akajipangusa. Akaenda jikoni, akatoa kikombe kwenye rafu iliyokuja usawa wa kifua chake, akanywa maji, akakirudisha. Kitinda alitembea nyuma kwa hatua tano, roho mkononi. Pimamaji alisimama kwenye mlango wa mbele, mwisho wa korido.

Kisha mama akaweka mkono wa kulia kwenye reli mpya.

Hatua ya kwanza, ya pili. Kwenye ya nne Kitinda aliona bega la mama limepanda kuelekea sikioni. Kwenye ya saba mama alisimama. Akaiachia reli, akaegemea ukuta, akafumba macho.

"Nimechoka," alisema.

"Mama, bado kidogo tu," Kitinda alisema.

"Bega linaniuma, mwanangu. Nipeni kiti."

Kaka mkubwa alileta kiti mwenyewe, akamkalisha mama yake kwa uangalifu mkubwa, akamfunika magoti. Hakuonyesha furaha yoyote. Kitinda alimwona akimeza mate, akakumbuka kwamba siku ile ya bafuni ni kaka aliyeendesha gari saa tano mfululizo na kumkuta mama hospitalini akitetemeka.

"Nimeona," kaka alisema kwa sauti ya chini. "Sina la kuongeza. Kitinda, mfungie nguo zake."

Kitinda aliliangalia sanduku. Wiki sita za vumbi, kelele za drili, chakula kilichopikwa uani, na yote yameishia hatua ya saba.

"Naomba dakika moja," alisema Pimamaji.

Alikuja mpaka pale mama aliposimama. Alivuta tepu yake kutoka sakafuni hadi juu ya reli, akasoma. Akatoa daftari mfuko wa nyuma, akafunua ukurasa, akasoma. Akapima tena. Kitinda aliona damu ikimwondoka usoni.

"Fundi," kaka alisema, "mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Usije ukausingizia ukuta."

"Siusingizii. Kosa ni langu. Reli iko juu kwa vidole vinne."

"Vidole vinne? Wewe unayeitwa Pimamaji?"

"Imenyooka. Ila iko juu. Mtu akisimama na mkono umelegea, reli inatakiwa ije kwenye kifundo cha mkono wake. Hii inakuja kwenye kifundo cha mkono wa Kitinda."

Kaka alimgeukia dada yake, akamgeukia tena fundi. "Kitinda anaingiaje?"

"Nilikataa kupimwa," mama alisema kwenye kiti. "Nipimwe na seremala nami bado napumua? Nikamwambia mpime huyo."

Ni kweli. Kitinda alisimama badala ya mama yake, siku baada ya siku, mgongo ukutani na mikono imelegea, na Pimamaji akaweka alama ya penseli pembeni ya kifundo cha mkono wake. Yeye ni mrefu kuliko mama. Kila mara fundi alisema kwa sauti, "Tunatoa vidole vinne," akaandika. Alisema bafuni. Alisema chumbani.

"Bafuni ulitoa hivyo vidole?" kaka aliuliza.

"Nilitoa."

"Hapa?"

"Hapa sikutoa. Niliandika kipimo cha mkono wake kama kilivyo."

"Kwa nini hapa?"

Pimamaji alilifunga daftari. Angeweza kusema alichoka. Angeweza kusema jua lilikuwa kali, au tepu ilikuwa mbovu, na hakuna ambaye angembishia. Alimtazama Kitinda mara moja tu, na katika jicho lile hapakuwa na ombi wala lawama. Angenyamaza mpaka kiyama kama Kitinda angetaka anyamaze. Kitinda alilielewa hilo, na moyo ukamwenda mbio kwa namna ambayo hakuijua tangu akiwa msichana.

"Siku hiyo alikuwa ameniuliza jambo," Kitinda alisema. "Akiwa ameshika penseli hapahapa. Nilimjibu, akaandika, mimi nikaondoka. Hakuna kati yetu aliyekumbuka vidole."

"Jambo gani?"

"Kaka, wewe si mtoto."

Kaka mkubwa si mtoto. Alikaa juu ya sanduku lake tupu, likalalamika chini yake. Alimkagua fundi upya kuanzia viatu hadi penseli.

"Kumbe," alisema. "Mimi nachoma petroli kuja kukagua vishikio, kumbe kilichotakiwa kukaguliwa ni fundi. Na mtu asiyeweza kupima ukuta akiwa na wewe karibu, Kitinda, atapima nini katika ndoa?"

"Ukuta naupima," Pimamaji alisema kwa utulivu. "Ni siku moja tu nilishindwa. Nikiambiwa tena maneno yale nitashindwa tena. Siwezi kukudanganya."

"Walau anasema kweli," mama alinong'ona, lakini kaka alikuwa ameshapata njia yake.

"Sikilizeni. Fundi ni mtu mzuri, sikatai. Ila akikuchukua wewe, Kitinda, nani atabaki na mama? Mimi nilikubali habari za vishikio nikijua wewe uko chumba cha pili. Ukiondoka, hata reli ikishushwa, mama anabaki na nani?"

Lilikuwa swali la Kitinda mwenyewe. Alilala nalo, aliamka nalo, na alilitumia mara mbili kumfukuza mtu anayempenda. Kulisikia likitoka katika kinywa cha kaka kulimfanya aone jinsi lilivyo zito na jinsi alivyozoea kulibeba.

"Mama atabaki na mama," mama alisema.

Wote wakageuka.

"Hilo sanduku linatosha kukaliwa, endelea kulikalia. Fundi, shusha reli yako. Na safari hii nipime mimi."

"Uko tayari, Mama?"

"Kama ni jeneza, litanikuta nimesimama."

Alisimama mgongo ukutani, mkono umelegea, macho mbele, kama mwanafunzi anayepigwa picha. Pimamaji alipiga magoti akaweka alama pembeni ya kifundo cha mkono wake. Kisha kazi ikaanza. Vishikizi vya chuma vilivyoibeba reli vilikuwa vinane, kila kimoja na skrubu tatu, na reli ni ndefu kwa mtu mmoja. Kaka mkubwa alivumilia vishikizi viwili; kwenye cha tatu alivua koti, akashika ncha ya reli bila kuombwa.

"Kushoto kwako, teremsha kidogo," Pimamaji alisema.

"Hivi?"

"Umezidisha."

"Wewe ndiye uliyezidisha," kaka alisema, na midomo ikamchezacheza.

Kitinda alifagia vumbi la drili. Safari hii taka ilikuwepo. Alimtazama mama yake kwenye kiti, na mama yake alikuwa akimtazama yeye, kwa muda mrefu, kwa ile namna ya mtu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe zamani.

Reli iliposhuka, mama alirudi mpaka jikoni. Hakukubali kuanzia hatua ya saba. Aliweka mkono, bega likatulia mahali pake, akaja. Nne, saba, kumi. Alipita mbele ya mwanawe wa kiume bila kumtazama. Alifungua mlango wa mbele kwa kitasa cha kusukuma, akashuka mteremko mdogo wa zege uliochukua nafasi ya ngazi, akafika getini, akatoa komeo, akalifungua geti. Alisimama barabarani akamsalimu jirani aliyepita, akazungumza naye juu ya mvua. Alifanya makusudi, kila mtu alijua. Kisha akarudi, mwenyewe, njia yote, na aliporejea koridoni alikuwa anahema lakini uso umenawiri.

Kaka mkubwa alivaa koti lake. Alilichukua sanduku, akapiga moyo konde.

"Utanipigia simu kila asubuhi," alimwambia mama.

"Nitakupigia. Nikisahau, nipigie wewe. Vidole unavyo."

Akambusu mama yake kichwani. Mlangoni alisimama mbele ya Pimamaji, akampa mkono, akaushikilia zaidi ya kawaida. "Hilo lako sijalikubali," alisema. "Ila sijalikataa. Njoo kwangu na wazee wako, tuongee kama watu." Gari likaondoka.

Kitinda alimgeukia mama yake. "Tumeshinda, Mama," alisema. "Hutaenda ghorofani."

"Ghorofani ningekwenda," mama alisema.

"Ungekwenda?"

"Ningelalamika, kisha ningekwenda. Kaka yako ananipenda na wajukuu wapo. Unadhani mtu wa umri wangu anakubali nyumba yake ivunjwevunjwe wiki sita kwa sababu ya kuogopa lifti?"

"Kwa nini basi ulikubali?"

"Una miaka arobaini na moja, Kitinda. Kumi na miwili umelala chumba cha pili ukinisikiliza nikikohoa. Nikienda kwa kaka yako utanifuata, nakujua, utapanga chumba jirani. Niliona njia ni moja tu, nipate nyumba isiyokuhitaji. Kila tofali lililotoka humu nilikuwa nakutoa wewe."

Kitinda alihisi kitu kikimchoma, na si furaha peke yake. Ilimuuma kwamba hahitajiki. Ilimuuma zaidi kugundua kwamba kwa miaka yote ile mama alikuwa pia mahali pake pa kujificha, na kwamba mama amelijua hilo siku zote na hakumsema. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Unanifukuza," alisema.

"Nakufukuza. Jumapili uje kula." Mama aliishika reli. "Mimi nakwenda kulala. Kengele iko kitandani, nikitaka mtu nitabonyeza. Sitabonyeza."

Akaenda. Mlango mpana ulifungwa bila kelele, maana bawaba zile kweli hazikulia.

Koridoni wakabaki wawili. Pimamaji alikuwa anaziba matundu ya zamani ya skrubu kwa kidole chenye jasi, polepole mno kwa mtu mwenye ujuzi wake.

"Nilikwambia siwezi kumwacha mama," Kitinda alisema.

"Nilisikia. Mara zote mbili."

"Sasa ameniacha yeye." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Sijui nitakaa kwa nani."

Pimamaji aliifuta mikono yake kwenye suruali, upande mmoja, kisha upande wa pili. Hakuuliza mara ya tatu. Alionekana mtu anayepiga hesabu ya jambo kubwa sana.

"Kwangu kuna ngazi tatu mlangoni," alisema hatimaye.

"Ngazi tatu hazinishindi."

"Najua. Nataka kuzivunja."

"Za nini uzivunje? Mimi na wewe tuna magoti yetu."

"Leo tunayo," Pimamaji alisema, na safari hii hakuyakimbia macho ya Kitinda. "Ila nataka uzeekee humo."

Kitinda alimsogelea mpaka akanusa vanishi na jasi na jasho la kazi. Akamtoa penseli sikioni, akampa mkononi.

"Basi anza Jumatatu," alisema.